Kikalamu cha "kupima kansa" kwa chakula: nimekifungua, njooni muone ndani kuna nini (uzi mrefu)

Fundi_wa_Makupa (#1)

Assalam aleikum, na wengine habari zenu. Uzi ni mrefu, asokuwa na bando aje usiku.

Mamangu huuza kashata za njugu. Ni biashara ya miaka, wazee wa vijiwe vya kahawa Mji wa Kale wanamjua kwa jina. Juzi karudi kutoka Kongowea hana njugu hata kilo, ana kikalamu kwa mkoba. Kuna kijana alitandika turubai karibu na stendi ya matatu akamwambia hii ni sensa ya sumu za kansa, unadunga kwa chakula, taa ikiwa kijani kula, ikiwa manjano fikiria, ikiwa nyekundu tupa. Elfu tatu na mia tano. Mamangu huyu huyu nikimwambia anunue taulo la mia tano ananiuliza kama nimeokota pesa.

Sasa kadunga njugu za mchuuzi wake wa siku zote, hazikuwaka chochote, yule kijana akamwambia "mama lazima uloweke kwanza kwa maji". Wakaloweka, wakadunga, nyekundu. Hapo hapo akagombana na mtu aliyemuuzia njugu tangu mimi niko shule ya msingi. Alimwambia maneno siwezi kuandika hapa.

Mimi ni fundi wa simu na redio, kwa hivyo mama alipolala nikachukua bisibisi. Ndani: sindano mbili za chuma, bodi ndogo ya saketi, chipu iliyokwanguliwa jina, betri mbili za saa, na kile kidude cha kupima joto. Basi. Nikadunga maji ya chupa ya dukani: kijani. Maji ya kisima chetu: nyekundu. Maji ya chupa na chumvi kidogo: nyekundu. Mchuzi wa samaki: nyekundu ya kufa mtu. Yaani kinapima umeme unavyopita kwa maji, ni kile kile kipimio cha chumvi cha wauza maji, wamekipaka rangi tu wakakipa jina la kutisha.

Sasa swali, na nauliza kwa dhati manake mama hanisikii mimi: kuna sensa ya kweli ya hizi sumu za kansa kwa chakula? Mtu wa kawaida anaweza kuipata? Na zile njugu zilikuwa mbaya au hazikuwa?

Yakhe_Tudor (#2)

Sensa si ile ya kuhesabu watu? Mimi 2019 walikuja kwangu wakaniuliza kama nina kuku, kansa hawakuniuliza.

Mwana_wa_Maabara (#3)

@Yakhe_Tudor haya sema kihisi basi tuendelee 😂

Kaka Fundi, mimi nafanya kazi kwa maabara ya nafaka huku upande wa bandarini, sitaitaja. Umefanya vizuri kukifungua. Na umejibu nusu ya swali mwenyewe, wacha nikamilishe.

Sumu inayotuhangaisha kwa njugu na mahindi ni aflatoksini, Watanzania wanaiita sumukuvu, jina zuri kuliko letu. Inatengenezwa na kuvu, hasa ile inaitwa Aspergillus flavus, nafaka ikikaa na unyevu na joto. Yaani hali ya hewa ya Mombasa. Dunia iliijua mwaka 1960 Uingereza, bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa baada ya kulishwa mashudu ya njugu kutoka Brazil. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, hili IARC, limeiweka kundi la 1, maana yake ushahidi umetosha kwamba inaleta kansa kwa binadamu, hasa ya ini. Na mtu mwenye virusi vya hepataitisi B akila sumu hii hatari haijumlishwi, inazidishwa. Ndo maana ile chanjo ya mtoto ya wiki 6, 10 na 14, tangu 2001 ina kinga ya hepataitisi B ndani yake, wamama wengi hawajui kama ile nayo ni kinga ya kansa.

Sasa kikalamu. Sheria yetu inaruhusu ppb 10 za aflatoksini jumla, na ile kali zaidi, B1, ppb 5. Ppb ni sehemu kwa bilioni. Chukua gunia la kilo 90: sumu yote inayoruhusiwa humo ndani haifiki miligramu moja. Ni kama chembe kumi na tano za chumvi ya mezani, kwa gunia zima. Kikalamu chako hatua yake ndogo kabisa ni 1 ppm, yaani sehemu moja kwa milioni, ambayo ni ppb 1,000. Ni sawa uende kupima uzito wa pete kwa mizani ya malori. Tena hiyo sumu hata umeme haipitishi! Ukimwaga kijiko kizima kwa hayo maji yako, taa itakaa kijani na mama angekula.

Fundi_wa_Makupa (#4)

Subhanallah. Kumbe kijani ndo ya kuogopa zaidi.

Lakini dada, mama ana sukari, ana ile mashine ya kujidunga kidole, tone moja la damu sekunde tano jibu. Kwa nini hiyo inawezekana na hii haiwezekani?

Mwana_wa_Maabara (#5)

Swali zuri kuliko unavyodhani. Mashine ya sukari ndo baba wa vihisi vyote hivi. Mmarekani Leland Clark alitoa wazo lake 1962: chukua kimeng'enya kinachojua sukari peke yake, kibandike juu ya elektrodi, kikikutana na sukari kinatoa umeme kidogo, unapima huo umeme. Kila kihisi cha aina hii kina pande mbili, upande mmoja ni wa kutambua na upande wa pili ni wa kupiga kelele. Kikalamu cha mama kina wa kupiga kelele tu, hakuna wa kutambua.

Tofauti ni wingi. Damu ya mtu mzima wa afya ina sukari kama gramu 0.9 kwa lita, ukiigeuza ni ppb laki tisa. Sumu tunatafuta ppb 10. Mara elfu tisini chini. Na damu ni maji tayari, njugu ni mafuta na protini na ngozi, lazima usage, ukamue sumu kwa spiriti, uchuje, ndo upime.

Lakini vipo. Vya kweli, vinauzwa. Kuna ukanda, kama ule wa kupima mimba, una kingamwili zilizofunzwa kushika aflatoksini na nanochembe za dhahabu (ndiyo, dhahabu, ikiwa ndogo sana rangi yake ni nyekundu, ule mstari mwekundu unaouona ni dhahabu). Ila unasomwa KINYUME na wa mimba. Sumu ikiwepo inaziba kingamwili, mstari wa kipimo unafifia au haupo kabisa. Mistari miwili ni salama, mmoja ni balaa. Nimeona mtu anashangilia mstari mmoja, ikabidi nimkalishe chini.

Huko kwa vyuo wanaendelea na vingine. Badala ya kingamwili wanatumia aptama, vipande vya DNA vinavyojikunja mpaka vishike kitu kimoja tu, wazo la 1990, vinavumilia joto kuliko kingamwili na kwa joto letu hilo si jambo dogo. Wengine wanatengeneza plastiki yenye mashimo ya umbo la sumu yenyewe. Vingi vya hivyo bado havijatoka maabara, mtu akikuuzia leo barabarani shika mfuko wako.

Yakhe_Tudor (#6)

Kwa hivyo mistari miwili kwa mke wangu ni furaha, mistari miwili kwa njugu ni furaha, mimi sioni tofauti

Mwana_wa_Maabara (#7)

Mstari MMOJA kwa njugu ndo huzuni, soma tena wewe

Mchuuzi_wa_Nafaka (#8)

Wanangu hamjambo. Mimi ni mzee, niko na nafaka hapo Kongowea tangu soko halina paa, na kuandika kwangu ni kwa kidole kimoja mnivumilie.

Mnaongea vihisi mnatusahau sisi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa ukambani, Makueni na Kitui na kwengineko, kwa mahindi yenye sumu hii, kesi zaidi ya mia tatu, tangu hapo kila mchuuzi anatazamwa kama muuaji. Novemba 2019 KEBS, wale wa viwango, wakasimamisha brandi tano za unga. Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula, AFA, wakafunga mahindi ya Tanzania na Uganda, malori yakalala mpakani, siku chache wakafungua kwa masharti. Sipingi, watu wasife. Lakini sikizeni kilichonipata. Lori langu moja lilipimwa mahali, wakasema limefeli. Nikaomba lipimwe tena kwengine, likapita. Lori lile lile! Mahindi yale yale! Sasa sensa gani hiyo, iliyolewa?

Na huyo kijana mwenye turubai nimemwona. Ameharibu soko. Nina mteja aliniacha kwa hiyo taa nyekundu.

Fundi_wa_Makupa (#9)

Mzee samahani, huyo mteja ana baibui nyeusi na mkoba wa kijani umeandikwa jina la duka la mchele?

Mchuuzi_wa_Nafaka (#10)

Ndiye. Usiniambie.

Fundi_wa_Makupa (#11)

Ndiye mamangu. Mzee wangu shikamoo na naomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima.

Yakhe_Tudor (#12)

😂😂😂😂 hii Mombasa ni kijiji walai

Mwana_wa_Maabara (#13)

Baada ya kicheko hicho, wacha nimjibu mzee kuhusu lori, kwa sababu hapo ndo kuna siri ambayo wauza vihisi hawaisemi.

Mzee, yawezekana vipimo vyote viwili vilikuwa sahihi. Kuvu haienei sawa sawa kama chumvi kwa mchuzi. Inashika punje hii, inaacha punje elfu zinazofuata. Zimewahi kupimwa punje moja moja za mahindi zikakutwa na mpaka ppb 400,000, na njugu zimepita hapo. Haya, piga hesabu na mimi. Punje ya mahindi ni kama gramu 0.3, gunia la kilo 90 lina punje kama laki tatu. Punje nane mbovu namna hiyo, nane tu kwa laki tatu, zinatosha kulifikisha gunia lote kwenye kikomo cha sheria. Sasa mtu anakuja anachota gao moja juu ya gunia, anasaga, anapima kwa mashine ya mamilioni. Akizikosa zile nane gunia ni malaika. Akipata moja kwenye gao, gunia ni shetani. Mashine haikulewa, aliyelewa ni mkono uliochota.

Kwa hiyo mimi nikiletewa gao la mahindi kwa karatasi ya gazeti huwa naambia watu ukweli, naweza kukupimia hili gao, gunia lako silijui. Tukitaka kulijua tunachoma bambo, ule mrija wa chuma wa kuchotea nafaka, magunia mengi, juu, katikati, chini, pembeni, tunapata kilo kadhaa, TUNASAGA ZOTE pamoja, tunachanganya, ndo tunachota kidogo cha kupima. Hapo hata ukanda wa bei rahisi unakupa jibu lenye maana. Kihisi cha milioni na sampuli mbovu unapata uongo wenye desimali tatu.

Shamim_Mapishi (#14)

Mie nina swali la taa. Shemeji yangu aliniletea tochi ile ya zambarau, ati ukimulika njugu zikiwaka zina sumu. Nimemulika jikoni kila kitu kinawaka, bizari inawaka, foronya inawaka, kucha zangu zinawaka, na ukutani nikaona nge anawaka kijani nikatoka mbio. Sasa nyumba nzima ina kansa?

Mwana_wa_Maabara (#15)

Dada Shamim nge wote wanawaka hivyo, hiyo tochi angalau imekuokoa na nge 😅

Aflatoksini yenyewe kweli inang'aa chini ya mwanga huo, hata majina yake yametoka hapo, B ni ya buluu, G ni ya kijani. Lakini unatakiwa mwanga wa nanomita 365, hizi tochi za zambarau za dukani nyingi ni 395, na kwa punje nzima ule mng'ao wa manjano-kijani unaouona hata si wa sumu, ni wa asidi nyingine inayotengenezwa na kuvu ile ile. Kwa hivyo punje ikiwaka hivyo ni tuhuma, isipowaka si hakikisho kwamba ni salama. Sabuni ya unga ndo inawaka kuliko zote, ndo maana foronya.

Jomvu_Kuu (#16)

Nimesoma kimya, sasa naingia. Nyinyi mnaongea njugu, sisi huku tumeishi na mkasa wa mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu pale Mikindani, moshi na maji yake yakaingia mtaani, watoto wakawa na risasi kwa damu. Si risasi ya bunduki, madini. Kilifungwa 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigania mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, mahakama hapa Mombasa 2020 ikasema watu walipwe bilioni 1.3, rufaa ikatengua, mpaka Mahakama ya Juu Desemba 2024 ikairudisha. Kesi ni ndefu kuliko utoto wa wale watoto.

Ninachotaka kusema ni kwamba kihisi cha kwanza pale kilikuwa mama na mtoto. Mtoto anaumwa homa isiyokwisha na kuku wanakufa. Vifaa vilikuja baadaye.

Na swali, hiyo risasi nayo ni ya kansa? Na mchanga unapimwa na nini?

Mwana_wa_Maabara (#17)

Pole sana kaka. Chumvi za risasi IARC wameziweka 2A, yaani yamkini, tangu 2006. Lakini kusema kweli kwa mtoto kansa si hofu ya kwanza, risasi inakula ubongo kabla ya kansa kufika. Watu wakisikia "si kundi la 1" wanapumua, na hawafai kupumua.

Mchanga unapimwa na ile bunduki ya eksirei, XRF. Unaielekeza chini, inapiga eksirei, kila madini yanajibu kwa nguvu yake, baada ya sekunde kadhaa unajua kuna risasi kiasi gani. Ni kifaa cha ajabu kwa mchanga na rangi za ukuta, ila kinaongea kwa ppm. Kwa maji ya kunywa yenye aseniki, ambayo WHO wanataka isipite mikrogramu 10 kwa lita, bunduki hiyo haioni kitu.

Fundi_wa_Makupa (#18)

Hapa kwa hewa wacha na mimi nitoe yangu. Mwaka jana niliunda kidude cha kupima hewa kwa sensa ile ya MQ-135, wale wanaocheza na bodi za programu wanaijua, ni bei rahisi, maelezo yanasema inashika benzini. Benzini ni kundi la 1, iko kwa petroli, nikasema nitapima hewa ya kituo cha mafuta hapa Makupa niwe shujaa wa mtaa. Nikakiwasha sebuleni kwanza. Ijumaa dada yangu akafukiza udi. Kengele ililia mpaka jirani akaja. Kesho yake kililia kwa marashi, kesho kutwa kwa spiriti ya kusafishia bodi, na siku mama alikaanga vitunguu. Hicho kidude kinashika chochote kinachonuka, hakijui benzini ni nani. Nilikifunga kwa droo.

Mwana_wa_Maabara (#19)

Ndo kazi ya MQ hiyo, ni oksidi ya bati iliyopashwa moto, gesi yoyote inayoungua inaibadilisha. Wanaofanya kazi ya mafuta wanatumia kile chenye taa ya kung'oa elektroni kwa molekuli, PID, nacho hakitofautishi kikamilifu mpaka uweke kichujio mbele. Na vile vya vumbi, PM2.5, vinavyotumia leza ni vizuri kiasi, ila hapa kwetu unyevu ukizidi leza inahesabu matone ya maji kama vumbi. Asubuhi ya mvua Mombasa inaonekana chafu kuliko dampo la Mwakirunge. Usiache udi kwa hiyo sababu lakini fungua dirisha, moshi ni moshi hata ukinukia.

Shamim_Mapishi (#20)

Na viazi karai? Niambieni pole pole nina moyo.

Mwana_wa_Maabara (#21)

Vya wanga vikikaangwa juu ya nyuzi 120 vinatoa akrilamaidi, Waswidi ndo walituamsha 2002. Iko 2A, kwa wanyama imeonyesha, kwa watu wanaokula ushahidi haujakaa sawa. Huhitaji kihisi, una macho. Rangi ya dhahabu toa, usingoje iwe kahawia ya mbao. Na mafuta meusi ya wiki mbili mwage.

Yakhe_Tudor (#22)

Sasa niseme la kweli kidogo nisionekane mcheshi tu. Kuna watu wanasoma uzi huu wameshtuka na njugu na tambuu iko mdomoni. Popoo peke yake IARC wameiweka kundi la 1, na ukitia tumbaku ndo hivyo hivyo. Ami yangu alikatwa taya. Hakuna aliyemuuzia kikalamu. Na kahawa nayo wanasema kinywaji cha zaidi ya nyuzi 65 ni 2A, kwa hivyo wazee wa kijiweni ngojeni ipoe, mnakimbilia wapi.

Mchuuzi_wa_Nafaka (#23)

Allah amrehemu kama ameondoka na amponye kama yupo.

Mwanangu Fundi, mwambie mamako aje nimsamehe. Lakini mimi pia nina kihisi changu, nilifundishwa na marehemu mwajiri wangu. Chukua chupa kavu ya glasi, tia punje, tia chumvi kavu, funika, tikisa, acha ikae. Chumvi ikigandamana kwa glasi nafaka ina maji, rudisha juani. Isipoganda, weka ghala. Huku kwetu chumvi yenyewe inakuwa na maji, kwa hivyo unaikaanga kwanza kwa kikaango mpaka ilie.

Mwana_wa_Maabara (#24)

Mzee hiyo ni sahihi kabisa, inashika unyevu wa asilimia 15 kwenda juu. Mahindi tunayataka 13.5 au chini. Haipimi sumu, inapima kama kuvu ina nyumba. Na mimi nikiambiwa nichague kifaa kimoja tu cha kugawa bure soko zima nitachagua kipima unyevu, si kipima sumu, wenzangu wa maabara watanichukia kwa kusema hivyo.

Fundi_wa_Makupa (#25)

Nimerudi baada ya wiki mbili, samahani kwa kimya. Mengi yametokea.

Mama na mzee wamepatana. Alimpelekea sahani ya kashata, mzee akatia moja mdomoni mbele yake, yakaisha. Halafu mzee mwenyewe akasema, sasa tupime kweli, tuchange. Tukachanga wachuuzi watatu na mimi, tukanunua kanda, na dada wa maabara kwa wema wake akatuelekeza kwa simu, tulichukua za ppb 10 si za 20 za kipimo cha Marekani, hapo angalieni wanaouza hawakwambii.

Tulianza na gao moja kutoka juu ya gunia la njugu, kama mama alivyofanya siku ile. Mistari miwili, minene. Mzee akatutazama. Nikasema haya sasa tufanye kama alivyosema dada. Tukatoa bambo, magunia yote kumi na moja, juu kati chini, kilo tano na kitu, tukaenda kwa mashine ya kusaga, jamaa wa mashine akalalamika njugu zinanata mpaka tukamlipa mara mbili. Tukachanganya kwa beseni, tukakamua kwa spiriti, tukatia ukanda. Mstari mmoja. Mstari wa pili ulikuwepo kama kivuli, ukiinamisha kichwa.

Hakuna aliyesema kitu. Tukaanza gunia kwa gunia mpaka kanda zikabaki mbili. Lilikuwa moja, la pembeni, limeegemea ukuta. Tukalivuta. Nyuma yake ukuta una mstari wa maji kutoka paa, na gunia lenyewe chini limekuwa jeusi. Mzee alikaa kwa ndoo. Akasema hilo paa amelipigia kelele mwaka mzima.

Kwa hivyo kikalamu kilikuwa kinadanganya, na njugu zilikuwa na tatizo. Vyote viwili. Sijui hata nimwambie mama vipi.

Mwana_wa_Maabara (#26)

Kaka hilo gunia limeenda wapi? Msichague mkauza zilizobaki, kwa mahindi yaliyochanganyika kidogo kupembua punje zilizokunjamana na zilizobadilika rangi kunasaidia sana, lakini gunia lililolowa chini si la kupembua. Wala asipewe mtu wa ng'ombe, sumu inatoka kwa maziwa, inaitwa M1. Wala lisiende kukamuliwa mafuta ya kienyeji, mafuta yasiyosafishwa kiwandani yanabeba sehemu yake. Na kukaanga hakuimalizi, wala kupika kashata.

Mchuuzi_wa_Nafaka (#27)

Nimelichoma mwenyewe, uwanjani, moshi ulinifuata mpaka nyumbani. Jirani yangu alitaka kulinunua kwa bei ya kutupa akalishe kuku. Nilimfukuza. Lakini mjue wanangu, mwenye deni la kodi ya kibanda asingelichoma. Hesabu yangu ya mwezi imeenda na lile gunia na hakuna wa kunirudishia.

Mengine kumi nimeyaweka juu ya mbao, mbali na ukuta.

Jomvu_Kuu (#28)

Mzee niambie njugu kilo ngapi nikupunguzie. Naja Jumamosi.

Shamim_Mapishi (#29)

Na mimi naja, kilo tatu. @Fundi_wa_Makupa na kikalamu je, ulikitupa?

Fundi_wa_Makupa (#30)

Nilitaka. Mama amekataa, anasema elfu tatu na mia tano haiendi jaani.

Sasa kinaning'inia kwa uzi mlangoni karibu na mtungi. Yule kijana wa mkokoteni akileta madebe anasema maji matamu ya mfereji, mama anatoka na kikalamu chake anadunga kila debe mbele ya watu. Nyekundu, "haya ya kisima, rudi nayo". Jana alimrudishia manne kati ya sita. Kijana ameniuliza kwa siri kama ile kalamu inaweza kuharibika.